Barua kwa mafundi wa stima wa Eastlands: cheti, na hii maneno ya kugawana kazi

Vijana wangu mnaongoja simu pale stage na tesita mfukoni, habari zenu. Mimi mzee wenu nimevuta waya hii Nairobi tangu enzi za kuchimba ukuta kwa patasi na nyundo, na nawaandikia ju ya kitu nilichoona juzi na tangu hapo silali vizuri.

Mama mmoja wa mtaa wa Pipeline aliniita, stima ya shawa inamshika. Nikafungua swichi yake nikapata waya ya saizi 1.5, ile nyembamba ya taa, imefungwa kwa shawa ya wati 5,500. Pigeni hesabu wenyewe, kwa volti 240 hiyo inavuta karibu ampia 23, mzigo ambao waya ya taa haibebi. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikawa nyeusi kama makalio ya sufuria, na ethi, ile waya ya usalama, imekatwa ikakunjwa nyuma ya boksi kama kitu haina kazi. Watoto wake wawili wanaoga hapo. Aliyefanya hiyo kazi ni mmoja wetu, alilipwa akaenda.

Sasa cheti, yani laisensi. Najua mnasema serikali inatafuta pesa tu, na kweli kwa mtu wa kibarua gharama inauma, hapo siwabishii. Lakini chini ya Sheria ya Kawi ya 2019 laisensi ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, ni lazima, na Kenya Power haiweki mita mpaka ione cheti cha waya kutoka kwa kontrakta mwenye laisensi. Kwa hivyo wewe unavuta nyumba nzima wiki mbili, mwenye laisensi anasaini akiwa kwake, hata mlango wa hiyo nyumba hajauona, na anakula vizuri kukushinda. Na nyinyi mnaokodisha sahihi, nyumba ikiungua jina lililo kwa karatasi ni lako. Nasema hivyo ju nilisaini hivyo mara moja, kwa rafiki. Roho ikanisuta, nikaenda kuangalia, nikapata swichi zinakata nyutro badala ya laivu, ile waya inayoleta moto, yani taa imezima lakini holda bado iko na moto. Nilirudia nyumba yote kwa pesa yangu.

Kama hukuenda koleji usiogope, enda NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwanda, ufanye gredi testi, anza na Gredi 3, pale wanataka kuona mikono yako ikifanya kazi. Ukipanda omba laisensi ya C2 ya singo fezi, ile ya mijengo yetu mingi, C1 ya thrii fezi itafuata.

Lakini cheti peke yake hakileti kazi, na hapa ndipo tumelala. KETAWU, chama cha wafanyakazi wa stima, ni ya walioajiriwa, sisi wa mtaani kazi inakuja kwa kujuana, keateka anaita yule anayemkatia kitu kidogo. Kule Marekani kuna chama cha mafundi wa stima, IBEW, kilianza 1891, na ofisi zake zina kitabu, ukikosa kazi unaandika jina, kontrakta akihitaji watu wanatumwa kwa kufuata foleni. Na jimbo la California linadai cheti kwa fundi anayefanyia kontrakta wa stima, fundi wa kazi zote lazima awe na masaa 8,000 ya kazi. Cheti na foleni vinatembea pamoja.

Sisi tuanze na daftari moja. Aliye juu ndiye anapigiwa, akikataa anashuka chini, na asiye na laisensi anaenda na aliye nayo, wanakuwa wote hapo saiti mpaka testi ya mwisho. Kila kazi ikilipwa tunatoa soo moja kwa kikapu, ikijaa inalipia laisensi ya anayefuata, kama tu merigoraundi za mama zenu.

Daftari nimeshanunua. Jumamosi saa nane niko pale kwa kinyozi karibu na stage, njooni na kitambulisho na karatasi yoyote mliyo nayo, hata kama ni ile ya Gredi 3 imekunjwa mara nne. Jina langu siliandiki, mimi nitashika kalamu tu.