Kabla hamjachagua koleji Oxford au Cambridge, ulizeni Desemba mtoto atalala wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana mwezi wa tisa ushaingia na simu yangu imeanza tena. Kila mwaka kipindi hiki ni hivyo hivyo, vijana wanaosoma A-level hapa Dar, wengine Arusha na Mombasa, wananipata kupitia ndugu na majirani, na meseji ni ile ile, "Shikamoo anko, eti koleji gani ya Oxford ni rahisi kuingia?" Wazazi nao wanapiga usiku, "Kaka, tumwandikishe ipi, ile ya zamani kabisa au ile ya mfalme?" Mimi nilisoma kule shahada ya kwanza ndo maana wananitafuta, na nimeona bora niandike hapa wasome wote kuliko kumjibu mmoja mmoja, maana swali wanaloniuliza silo na lile lenyewe hakuna anayeuliza.

Neno lenyewe kwanza linatuchanganya. Sisi tukisikia koleji tunafikiria ndaki kama za pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ndaki ya Uhandisi, Ndaki ya Insia, kwamba ukichagua ndaki umechagua fani. Kule sivyo. Koleji moja ina watu wa sheria, fizikia, historia, udaktari, wote wanalala humo humo na kula ukumbi mmoja. Mihadhara na maabara ni vya chuo kikuu, mtihani wa chuo kikuu, cheti cha chuo kikuu, hakuna cheti cha koleji, iwe Balliol au Trinity. Koleji inakupa kitanda, chakula, maktaba ya karibu, mtu wa kumwendea ukiumwa au ukifiwa, na inakupangia vile vipindi vya kukaa na mwalimu mkiwa wawili au watatu kujadili kazi mliyoandika wiki ile. Na koleji ndiyo inayokuita intavyuu. Kwa hiyo ni nyumbani kwako miaka mitatu au minne, na nyumba watu hawapangi kwa kuangalia imejengwa mwaka gani.

Lakini ndicho tunachofanya. Merton ya Oxford ni ya 1264, Peterhouse ya Cambridge ni ya 1284, Trinity ya Cambridge ilianzishwa na mfalme Henry wa Nane mwaka 1546, mzazi akisikia hayo anaona mtoto akiingia hapo ndo kafika. Wengine wananitajia Kabaka Mutesa wa Pili aliyekuwa Magdalene ya Cambridge, au Tom Mboya aliyesoma Ruskin pale Oxford 1955 hadi 1956. Ruskin ilikuwa koleji ya maana sana kwa watu wa vyama vya wafanyakazi, ila haikuwa moja ya koleji za chuo kikuu cha Oxford, ilikuwa mji ule ule tu. Nalisema hili kwa sababu kuna mzazi mmoja ninayemfahamu alimlipa wakala pesa nyingi mtoto apelekwe "koleji ya Oxford", kumbe ni shule binafsi iliyopanga ofisi mjini Oxford. Koleji za kweli zimeorodheshwa kwenye tovuti ya chuo kikuu chenyewe, Oxford zaidi ya 40 na Cambridge 31, kama jina halimo pale usitoe hata shilingi. Na hata zilizomo sio zote za mtoto wa form six, Nuffield, St Antony's na Darwin ni za masters na PhD, halafu Harris Manchester ya Oxford na Hughes Hall, St Edmund's na Wolfson za Cambridge kwa shahada ya kwanza zinachukua waliofikisha miaka 21. Mwaka juzi kijana wa miaka 18 alinitumia fomu yake nikaikuta ameandika Wolfson, amependa picha, zilikuwa zimebaki siku nne tu dirisha la maombi kufungwa.

Sasa hii ya koleji rahisi. Haipo. Watu wanachukua takwimu za mwaka jana wanaona koleji fulani waliomba wachache, basi wote wanakimbilia huko, mwaka huu inajaa kuliko zote. Na vyuo vyenyewe vinalijua hilo. Oxford, koleji ikipata waombaji wengi kwa kozi fulani baadhi wanahamishiwa koleji nyingine hata kabla ya intavyuu, na kila mwaka watu wengi sana wanaopata nafasi wanaipata kwenye koleji ambayo hawakuiandika. Cambridge wana kitu wanakiita pool, baada ya intavyuu mwanafunzi mzuri aliyekosa nafasi kwenye koleji yake anawekwa pale koleji nyingine zimwone, na zikimtaka zinamwandikia zenyewe. Hapa kuna baba mmoja alinipigia mwezi wa kwanza, sauti inatetemeka, anasema mtoto kaletewa barua pepe na koleji ambayo hakuiomba, ni matapeli hawa, tuifute? Nikamwambia kaka usiguse kitu, nisomee. Alikuwa amepata Cambridge kupitia pool. Nikifikiria ile barua ingefutwa naumia mpaka leo.

Na mnaruhusiwa kabisa msichague. Kwenye fomu ya UCAS, ule mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza, pale pa kuandika koleji unaweka namba 9, maana yake nipelekeni popote, na kompyuta inakupangia. Hakuna anayekuhesabu kama mtu asiyejua anachotaka. Mpwa wangu alifanya hivyo kwa Oxford, nilikuwa naye wakati anajaza, akapangiwa koleji ambayo pale nyumbani hatukuwahi hata kuitamka na leo yuko mwaka wa pili.

Ila ukiamua kuchagua, basi chagua kwa vitu vitakavyomgusa mtoto wa kutoka huku. Hapa ndo nilipotaka kufika mhariri.

Muhula wa kule ni wiki nane. Mihula mitatu, wiki 24 kwa mwaka, basi. Mtoto wa Kiingereza wiki ya nane ikiisha baba yake anakuja na gari wanabeba masanduku wanaondoka. Mtoto wetu je? Mwaka mzima una wiki 52. Koleji nyingi mkataba wa chumba ni wa muhula tu, ukiisha unatoa kila kitu kwa sababu vyumba vinapangishwa kwa watu wa makongamano, na Desemba enzi zetu vilikuwa vinatakiwa kwa ajili ya vijana waliokuja kufanya intavyuu. Mimi koleji yangu alichagua baba, Mungu amrehemu, kwa sababu ya umri na jina la koleji yenyewe, na sitaitaja. Mwaka wa kwanza, nina miaka 19, Jumamosi ya mwisho wa muhula natakiwa niwe nimetoka asubuhi. Nilikuwa sijaelewa. Nilidhani chumba ni changu mpaka mwaka uishe kama bweni la huku. Niliomba nibakie nikaambiwa ombi lilitakiwa wiki kadhaa nyuma, stoo ya mizigo imejaa, nikabaki nje na masanduku mawili na godoro la sponji nililonunua kwa sababu ya mgongo, baridi ile ambayo mtu wa Tanga haijui, na tiketi ya kurudi nyumbani haikuwepo kwenye bajeti. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kikenya aliyekuwa anaishi mji wa Reading, tulifahamiana kwa sababu alinisikia naongea Kiswahili kwenye basi. Nililala sebuleni kwake wiki tano. Krismasi ile treni hazitembei, maduka yamefungwa, na mimi nafikiria hivi ningekuwa sijapanda lile basi ningekuwa wapi. Yule mama namuombea mpaka leo.

Kumbe koleji ya jirani yangu, mpya, haina jina kubwa, ilikuwa inawaacha wanafunzi wa kimataifa wakae likizo nzima kwa kulipia siku. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ningejua kuuliza.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya na nawaomba vijana muyaandike kwa Kiingereza chepesi muyatume kwa barua pepe kwenye ofisi ya udahili ya koleji, wanajibu. Je mwanafunzi wa kimataifa anaruhusiwa kubaki Desemba na Aprili, kwa bei gani, na anaomba lini? Chumba ni cha uhakika miaka yote au mwaka wa pili anaenda kutafuta nyumba mtaani na kudaiwa mdhamini anayeishi Uingereza, ambaye wengi wetu hatuna? Kuna jiko la kupikia au ni birika na friji tu? Hili la jiko watu wanaliona dogo. Likizo ukumbi wa chakula unaweza kufungwa, sasa kama huna jiko unakula nini, mikate kila siku? Na kwa watoto wa Kiislamu miaka hii Ramadhani inaangukia katikati ya muhula wa pili, Februari na Machi, utahitaji kupika daku usiku wa manane na ukumbini hakuna mtu. Uliza pia kama ukumbi una nyama halali kila siku au siku maalumu tu.

Halafu pesa. Oxford ada ya kozi ni ile ile uwe koleji yoyote, na kwa mgeni ni zaidi ya pauni 30,000 kwa mwaka kwa hiyo tuwe wakweli bila mfadhili wengi wetu hatufiki. Cambridge kuna ada ya chuo kikuu na juu yake mwanafunzi wa kimataifa analipa ada ya koleji, na hiyo inatofautiana koleji hadi koleji, mzazi anayejibana anatakiwa azipange zote mbele yake alinganishe kabla hajasaini kitu. Hapa nakubali jina kubwa linaweza kuwa na faida, Trinity ya Cambridge na St John's ya Oxford ni tajiri kweli na koleji tajiri ina uwezo wa kupunguza kodi ya chumba, kutoa hela za vitabu, kumsaidia aliyekwama. Lakini uliza, msaada huo na sisi wa nje tunapata au ni wa Waingereza peke yao? Kuna mifuko ni ya wenyeji tu.

Wazazi wenye mabinti wananiuliza kama kuna sehemu ya wasichana watupu. Oxford haipo tena, St Hilda's ilikuwa ya mwisho ikaanza kupokea wanaume 2008. Cambridge zipo mbili, Newnham na Murray Edwards, na ni nzuri, ila darasani watachanganyika maana mihadhara ni ya wote. Na Girton, iliyoanza na wanawake 1869 na sasa ni ya wote, iko kama kilomita nne nje ya mji, asiyejua baiskeli ajifunze kabla ya safari.

Wa masters sina mengi kwenu, kwenu idara ndiyo inayoamua na koleji inafuata baadae, nguvu zenu wekeni kwenye andiko na kwa msimamizi.

Mhariri, na wewe nina ombi kwako. Kila mtoto wetu akipata nafasi kule mnatoa picha yake na wazazi, ni vizuri na tunafurahi. Mwandishi wako akienda kumhoji amuulize na hili, chumba cha likizo amekipata? Na wale waliotangulia wakirudi mapumziko wahojiwe nao, wamelala wapi Desemba, wamelipa ngapi. Mzazi wa Singida ambaye hana anko wa kumpigia atalisoma hapo.

Dirisha linafungwa tarehe 15 Oktoba saa kumi na mbili jioni ya Uingereza, huku kwetu ni saa mbili usiku, na huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, ni moja kati ya hizo. Binti wa jirani yangu hapa Tabata ameshatuma barua pepe kwa koleji tatu wiki iliyopita. Mbili zimejibu, moja imesema chumba kipo mwaka mzima, nyingine imesema likizo lazima utoke. Hiyo ya pili ndiyo baba yake alikuwa anaitaka, na jana jioni amenipigia kuniambia wameifuta.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam