YAH: SHOKAPU ZA NYUMA MLIZOFUNGA BILA KUPIMA KWENYE LAND ROVER 109

Iringa,
9 Juni 2025

Meneja wa Gereji na Duka la Spea,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ndiye mwenye Land Rover 109 ya kijani, Series IIA ya mwaka 1969, iliyolala kwenu siku kumi na moja mwezi uliopita. Niliileta mbadilishe ekseli ya nyuma, kwa kuwa ile ya zamani ilishanikatia shafti mara mbili, mara ya mwisho nikiwa Mafinga usiku. Ekseli ya Salisbury, aina iliyo imara zaidi, nilikuja nayo mwenyewe, imetoka kwenye 109 ya Series III. Kazi yenu ilikuwa kuifunga, kufupisha propela, ile shafti ya kutoka giaboksi hadi ekseli, kwa sababu pua ya Salisbury ni ndefu, na kuniwekea shokapu mbili mpya kutoka dukani kwenu. Propela mmeifanya vizuri, haitetemeki hata nikifika 80. Hilo nasema kwa dhati.

Shokapu ndizo zilizonileta hapa. Nilimuuliza msimamizi wenu kama zitaingia zilezile baada ya kubadili ekseli. Akanijibu, "109 ni 109, mzee." Nikanyamaza, nikalipa shilingi 380,000 za shokapu na 150,000 za ufundi.

Nilipofika kwenye matuta ya hifadhi ya Mikumi nikaanza kusikia kitu kinagonga nyuma. Hakikugonga tairi lilipopanda tuta, kiligonga lilipoteremka. Ningeelewa pale pale, ningesimama. Kwenye kona za Kitonga pini ya chini ya kushoto iling'oka pamoja na kipande cha bamba lake, na shokapu ya kulia nikaikuta imelowa mafuta. Kutoka hapo hadi mjini nilikwenda mwendo wa trekta, gari likinesa kama kitanda cha kamba, malori yananipigia honi.

Fundi wa mtaani kwetu, ambaye hana hata kibao, aliinua chesisi kwa jeki, akaweka stendi, akaiacha ekseli ining'inie, kisha akatoa futi. Kutoka pini ya juu hadi pale pini ya chini ilipokuwa imechomelewa: sentimita 58. Shokapu yenu ikivutwa hadi mwisho: sentimita 54.

Maana yake mnaijua. Tairi likitumbukia shimoni, shokapu inafika mwisho kabla ya springi, na uzito wa ekseli nzima unaning'inia kwenye pini. Na Salisbury si nyepesi, vijana wenu wanne walihema kuishusha kwenye gari. Shokapu ni ya kutuliza springi. Nyinyi mmeigeuza mnyororo.

Sentimita hizo nne zimetoka kwenye bamba. Mirija ya Salisbury ni minene kuliko ya ekseli ya zamani, hivyo inataka yubolti zake, zile bolti za umbo la U zinazoibana kwenye springi, na mabamba yake ya chini, na pini ya shokapu inashikwa na bamba hilo. Mabamba hayakuja na ekseli. Hapo nakubali nina sehemu yangu ya kosa, ningeyatafuta mapema. Lakini badala ya kunipigia simu, mliyakata yale ya zamani, mkaunga vipande vya chuma, mkachomelea. Pini ikashuka, na shokapu zikabaki za kipimo kile kile.

Vijana wenu walinieleza kwamba nati za shokapu hukazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, ili bushi zisijisokote. Ni kweli. Tatizo ni kwamba gari likiwa chini, karibu kila shokapu huonekana inatosha. Ilibidi mpime kwanza ekseli ikining'inia, halafu springi ikiwa imekandamizwa hadi kwenye raba inayozuia ekseli isigonge chesisi, ndipo mchague shokapu ya kuingia kati ya vipimo hivyo viwili. Ni kazi ya nusu saa.

Nilipopiga simu niliambiwa nilizidisha mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa mke wangu, mitungi miwili mitupu ya gesi na gunia moja la nazi. Kisha nikaahidiwa shokapu nyingine mbili za bure, aina ile ile. Sizitaki. Zitang'oka palepale.

Ninachotaka ni mabamba halisi ya Salisbury, ya kushoto na ya kulia, pamoja na yubolti zake, yafungwe kwa gharama zenu na fundi nitakayemchagua hapa Iringa, kwa sababu gari halitashuka tena Kitonga katika hali hii. Fedha za shokapu na za ufundi wa kuzifunga zirudishwe, jumla shilingi 530,000. Shokapu mpya nitanunua mwenyewe baada ya kupima.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, pamoja na risiti yenu na picha zilizoambatanishwa hapa. Picha ya tatu inaonyesha futi ikiwa imeshikwa kutoka pini ya juu hadi pale pini ya chini ilipokuwa. Shokapu zenu nimezihifadhi kwenye boksi lake. Mkitaka kuzikagua, mtumeni mtu aje na futi yake.

Wenu,
Mteja, mwenye 109 ya kijani