Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: daktari wa mifugo wa wilaya ni wa nani?

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mstaafu wa idara ya mifugo, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita kwenye halmashauri. Nakuandikia kuhusu jambo lisilopata bango wala banda wakati wa Nanenane: ugonjwa ukiingia kijijini, daktari wa mifugo wa wilaya anapokea amri kutoka kwa nani?

Kwenye makaratasi hakuna utata. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inampa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo dhamana ya kudhibiti magonjwa nchi nzima. Ila tangu watumishi wa mifugo wagatuliwe kwenda serikali za mitaa, bosi wa daktari yule ni Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, na ngazi yake inapanda hadi TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, haifiki kwako. Mkurugenzi wako anaweza kumwomba taarifa, kumwamuru ni suala jingine. Mafuta ya pikipiki, posho ya kwenda kuchukua sampuli, hata tathmini yake ya mwaka, vyote viko kwa mtu ambaye naye ana lengo la mapato la kufikisha.

Na mapato hayo, kwenye wilaya nyingi za wafugaji, yanatoka mnadani. Karantini inafunga mnada. Kwa hiyo tunamtaka mtumishi atie saini karatasi inayokata makusanyo ya bosi wake, kisha tunashangaa taarifa za ugonjwa zinachelewa. Nimeona, katika halmashauri ambayo sitaitaja, tangazo la karantini ya miguu na midomo likilala mezani hadi mnada wa mwisho wa mwezi upite. Wachuuzi walikuwa wameshapakia na kuondoka. Sisemi wakurugenzi hawa ni watu wabaya. Wanapimwa kwa makusanyo, hakuna anayewauliza ng'ombe wangapi wamepona.

Mheshimiwa, mipaka ya wilaya haiheshimiwi na lori. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, huko kaskazini. Baada ya muda si mrefu ikawa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, pembe nyingine kabisa ya nchi. Watafiti waliofuatilia chanzo chake walirudi hadi kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Njia hiyo ya kusini inapita Pwani na Lindi, wilaya baada ya wilaya, kila moja na daktari wake, na kila daktari na bosi wake. Nani kati yao alikuwa na sababu ya kulisimamisha lori lile, na angempigia simu nani?

Homa ya Bonde la Ufa ilitupa somo kali zaidi. Katika mlipuko wa 2007 walifariki watu 144, na Dodoma ndiyo iliyoumia kuliko mikoa yote. Ugonjwa huu hufuata mvua kubwa na mbu wake, na mvua za El Niño hutabiriwa miezi kabla. Chanjo inafaa kabla maji hayajatuama. Sasa, kuamua kuchanja mifugo ambayo bado ni mizima, kwa fedha ambazo halmashauri haikuzitenga, ni uamuzi wa mtu mmoja mwenye mamlaka ya nchi. Ukiusambaza kwenye vikao vya mabaraza ya madiwani, mbu watatangulia.

Ninachoomba ni kugawa kazi upya. Ugani ubaki halmashauri: malisho, uhamilishaji (kupandisha kwa mrija), ushauri wa maziwa na mabanda. Mambo haya yanataka mtu wa karibu anayeijua kata, na diwani ana haki ya kumhoji. Lakini udhibiti wa magonjwa, vibali vya kusafirisha mifugo, karantini na ukaguzi wa nyama viwe na mstari mmoja wa amri, kutoka wilayani, kupitia vituo vya kanda vya wizara yako, hadi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Mishahara na mafuta yapite humo humo. Na kanda zenyewe zichorwe kwa kufuata njia za mifugo na minada. Ramani ya mikoa haitusaidii hapa.

Tafadhali usituundie wakala mpya. Tunao Wakala wa Maabara ya Veterinari tangu 2012, na chanjo zake za kimeta, chambavu na mdondo kutoka Kibaha ni kazi ya kujivunia. Lakini wakala huishi kwa ada. Mfugaji wa Longido aliyepoteza ng'ombe watatu hatalipia kujua kilichowaua. Atawachuna, nyama italiwa, na kama ni kimeta tutasikia habari kutoka hospitali. Uchunguzi wa mzoga unaotiliwa shaka ugharimiwe na serikali, mwenye mali asidaiwe hata senti.

Kuhusu hereni za kutambulisha mifugo na kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Juni 2025, naunga mkono. Ila hereni itasema ng'ombe ametoka wapi, haitamzuia asipakiwe.

Najua nitaambiwa nataka kuua ugatuaji. Wenzetu Kenya, kwa Katiba ya 2010, waliwapa kaunti huduma za veterinari na udhibiti wa magonjwa, Nairobi ikabaki na sera, na swali hili hili limewaganda. Mimi nakumbuka pia sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ilifanya kazi yake, lakini ilikuwepo pia amri iliyofika hadi zizini.

Hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Waraka wa pamoja kati yako na Waziri wa TAMISEMI unatosha kuanza, hata kwa majaribio, katika wilaya zinazopeleka mifugo Pugu. Tungefurahi kuusikia kwenye hotuba yako ya bajeti, pamoja na kifungu cha fedha chenye jina lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa idara ya mifugo