Nyama ya saladi ya Kijapani haitokoswi

Ndugu Mhariri,

Mapishi mengi ya saladi ya nyama ya Kijapani huharibika pale yanapoagiza nyama ichemshwe hadi iive, ndipo ichanganywe na mboga. Hiyo ni nyama ya supu iliyowekewa kachumbari. Wajapani nyama hii, iwe ya nguruwe au ya ng'ombe, huipitisha tu kwenye maji ya moto, wakaiita reishabu.

Kwa watu wanne chukueni sarara gramu 300. Ikae kwenye friza kama dakika 45, ikaze bila kuganda, maana nyama laini huteleza chini ya kisu. Ikatwe vipande vya milimita 2, kisu kikivuka nyuzi. Ng'ombe wetu wa kuchungwa hana mafuta ya yule wa Kobe, Japani. Nyuzi zikiachwa ndefu, mtatafuna hadi taya ziume.

Maji lita moja na nusu yakishachemka, zimeni moto na kuongeza nusu lita ya baridi. Hapo ni nyuzijoto 80 hivi. Tumbukizeni vipande vinne vinne kwa sekunde 15 au 20. Wekundu ukiisha wote, toeni. Maji yanayotokota huikunja nyama na kuikausha. Isitoswe kwenye maji ya barafu pia, kwani mafuta yake huganda yakawa utando mweupe unaonata mdomoni. Itandazwe kwenye chujio ipoe yenyewe. Na wanaotaka ibaki mbichi ndani wakumbuke kwamba Japani kwenyewe ini bichi la ng'ombe lilipigwa marufuku mikahawani mwaka 2012.

Kazi kubwa iko kwenye sosi. Ufuta tunao, na Japani ni miongoni mwa wanunuzi wa ufuta wa Tanzania, lakini watu bado wanahangaika na chupa za dukani. Kaangeni ufuta vijiko vikubwa 4 bila mafuta, moto mdogo, mkitikisa kikaango. Punje mbili tatu zikianza kuruka, epueni papo hapo. Ukiungua, uchungu wake hauondolewi na sukari. Utwangwe ungali moto, ubaki na chengachenga. Tieni sosi ya soya vijiko vikubwa 3, siki ya mchele 2, sukari kimoja na nusu, maji 2, na mafuta ya ufuta kijiko kimoja cha chai. Siki nyeupe ya kawaida ni kali zaidi, kijiko kimoja na nusu kinatosha. Chumvi hapana, soya inayo.

Mboga ni majani ya saladi, figili na tango. Tango linyunyiziwe chumvi dakika 5, likamuliwe. Majani yafutwe yakauke kabisa, la sivyo sosi itateleza na kutuama chini ya bakuli. Nyama juu, na sosi imwagwe watu wakiwa wameshakaa mezani.

Msomaji wa ukurasa wa mapishi,
Dar es Salaam