Neno la mtoto mbele ya hakimu

Mpendwa Mwalimu Zawadi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale unaposema mama wa mwanafunzi wako ameambiwa na majirani kwamba bila PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari, yenye kuonyesha jeraha hakuna kesi ya mtoto kubakwa, niliumia sana. Nakuomba umwendee leo umweleze kwamba sheria yetu hapa Tanzania haisemi hivyo.

Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi iridhike kwamba mtoto huyo hasemi lolote ila kweli, na sababu za kumwamini ziandikwe. Mahakama ya Rufani nayo imekariri mara nyingi kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Daktari hueleza alichokiona mwilini, lakini aliyetenda, mara nyingi, anajulikana na mtoto tu.

Imani hiyo, hata hivyo, ina masharti, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa mshtakiwa naye anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 au zaidi. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini sharti kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Katika kesi moja niliyoiendesha faraghani, yaani bila watu wa nje kuruhusiwa kusikiliza, binti alikaa kwenye kiti, miguu yake haifiki sakafuni, akaulizwa uongo ni nini. Akajibu, "Ni kusema kitu ambacho hakikutokea." Hakimu alingoja mpaka ahadi ikatoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, ndipo akaiandika kama alivyoitamka. Nimesoma hukumu za rufani ambamo ahadi hiyo haikuonekana kwenye kumbukumbu, ushahidi wote wa mtoto ukafutwa, na mfungwa akaachiwa, pasipo mtu yeyote kusema kwamba mtoto alidanganya.

Umri nao huthibitishwa, kwani kwa aliye chini ya miaka 18 ridhaa si hoja. Mama atafute cheti cha kuzaliwa. Kikikosekana, yeye mwenyewe kama mzazi anaweza kuutaja umri huo mahakamani.

Litakaloulizwa kwa ukali zaidi ni lini mwanafunzi wako alimtaja aliyemtendea, na kwa nini alikaa wiki mbili kimya. Kuchelewa hakuvunji kesi iwapo kuna maelezo, na vitisho ulivyonisimulia ni maelezo. Hapo ndipo unapohusika wewe, uliyeambiwa wa kwanza. Andika sasa hivi alichokuambia, kwa maneno yake, pamoja na siku na saa, bila kurekebisha hata pale panapopingana kidogo. Usimkaririshe lolote, wala mama asimkaririshe, maana mtoto aliyefundishwa hutambulika mapema anapohojiwa na wakili wa utetezi.

Nijulishe tarehe ya kusikilizwa mara itakapopangwa.

Rafiki yako,
Mwanaidi