Shukrani kwa mama wa stendi ya Moshi

Mama uliyenikuta stendi ya mabasi ya Moshi, nami sikukuuliza jina, shikamoo.

Siku ile mwanangu wa miaka 14, mwenye usonji (autism), alikuwa amejilaza chini akiziba masikio, kwa kuwa honi na kelele za wapiga debe zilikuwa zimemzidi, na watu waliotuzunguka walinishauri nimchape, wengine nimpeleke kuombewa. Wewe hukushauri lolote. Uliwasogeza watu, ukamkingia jua kwa khanga yako, ukanyamaza hadi alipotulia. Ndipo ukaniambia kwamba nawe una binti mwenye hali hiyo, na kwamba wazazi kadhaa hukutana Jumamosi uani kwa mmoja wao, mtaa wa Soweto, hapo hapo Moshi.

Tulikwenda. Vijana pale hawalazimishwi kupeana mikono wala kutazamana machoni. Mwanangu, anayejua majina ya mabasi yote yaendayo Dar es Salaam, alikaa pembeni wiki tatu bila kusema neno, kisha akampata mwenzake anayechora mabasi, na tangu hapo huketi bega kwa bega wakijaza madaftari (ambayo nayanunua mimi, na yanaisha upesi kuliko sukari). Sisi wazazi huongea yale ambayo ukoo hautaki kuyasikia: balehe, usiku wa kukesha, nani atawatunza tukifa. Kwamba usonji hautokani na laana wala malezi mabaya nilikwisha kusoma. Imani ya hilo niliipata pale mkekani, kwa wenzangu.

Nasikia umehamia Singida. Khanga yako ninayo, nimeifua.