Hildy sawa, je, Mollie?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu inayoisifu His Girl Friday kuwa filamu ya mapenzi na vichekesho iliyompa mwanamke heshima yake mapema. Kwa upande wa Hildy Johnson, mwandishi wa habari ambaye ndiye mhusika mkuu, sina ubishi. Katika The Front Page, tamthilia ya 1928 iliyozaa filamu hiyo, Hildy ni mwanamume. Howard Hawks akamgeuza mwanamke, akampa nafasi hiyo Rosalind Russell, na mwaka 1940 hadithi ikatoka imenoga kuliko awali. Mtazameni anavyomfukuza askari jela na viatu vyake vya kisigino, akamrukia mpaka chini, kisa habari! Akimhoji gerezani Earl Williams, mfungwa anayengoja kunyongwa, anakuwa mtu mwingine: sauti ya chini, hana papara, anamwuliza taratibu kuhusu bastola mpaka mtu mwenyewe anafunguka. Wale wanaume wanaoshinda wakicheza karata kwenye chumba cha waandishi hawana ufundi huo.

Lakini wanawake wengine mliwaona? Mama wa Bruce, mchumba wa Hildy, anabebwa mzobemzobe ili asiharibu mpango wa kumficha Williams aliyetoroka jela. Evangeline ni chambo tu cha kumtia Bruce matatani. Mollie Malloy, aliyemwonea huruma Williams kabla ya Hildy kufika, anakejeliwa na waandishi mbele ya macho yake, na ni Hildy pekee anayemshika na kumtoa nje. Baadaye wanapombana awaambie Williams amejificha wapi, anajitupa dirishani. Wanachungulia, wanaona bado yu hai, wanarudi kwenye mbio zao. Filamu nayo inarudi kwenye mbio zake na Mollie hatumwoni tena. Kwa hiyo Hildy anaheshimiwa kwa sababu anaongea kwa kasi yao, anavuta sigara nao na kuwashinda kwa mchezo wao wenyewe. Asiyeuweza mchezo huo ni wa kuchekwa.

Kuna jingine ambalo makala haikuligusa kabisa. Williams anangoja kitanzi kwa kumuua askari polisi Mweusi, na meya anaharakisha anyongwe kwa kuwa uchaguzi umekaribia na anazitaka kura za Weusi. Hayo yanatamkwa waziwazi. Bila marehemu huyo hakuna kesi, hakuna habari, na Hildy angekuwa ameshapanda treni na Bruce. Hata hivyo, hakuna mhusika Mweusi mwenye nafasi ya maana. Mjane, ndugu, jirani, hata mpiga kura mmoja wa kuulizwa anaonaje, hakuna.

Najua jibu litakalokuja: mambo ya 1940 hayo. Kweli, Februari mwaka huohuo Hattie McDaniel, mwigizaji Mweusi, alipata Oscar huku amekalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Ila Hawks hakulazimika kuufuata mswada wa 1928 neno kwa neno. Alibadili jinsia ya mhusika mkuu, jambo kubwa kuliko kumwongezea marehemu mjane mwenye sentensi mbili. Aliyeweza lile, hili lilimshinda nini?

Filamu inapatikana bure mtandaoni kihalali, kwani hakimiliki yake haikuhuishwa. Wasomaji waitazame, na mwandishi wenu pia, maana makala nzima imemtaja Cary Grant, mwigizaji mkuu wa kiume, kila aya, na Mollie hata mara moja haimo.

Msomaji wenu,
Morogoro